Mgongo wa Eizaburo

Jumatano, 6 Juni
Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja ninaowashonea. Kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya nusu ya wanawake wa mji wetu wa Odawara, waliokufa na walionenepa. Huku nyuma nitaandika yangu. Naanza leo kwa sababu nimeahidiwa kitu, na mtu akiniahidi kitu mimi huwa naandika tarehe.

Aliyeniahidi ni Genda, anayeendesha mashine pale sinema ya Kiraku. Chama cha wapenzi wa filamu kimeukodi ukumbi kila Jumamosi mchana, Jumamosi sita, filamu sita za marehemu mwongozaji Kurihashi. Ya sita ni *Ngazi ya Nyuma*. Watu walidhani imepotea, kumbe nakala moja ilikuwa imelala kwenye ghala la studio miaka ishirini na saba. Ndani ya filamu hiyo mume wangu anageuka.

Mume wangu Eizaburo alikuwa mwigizaji wa chumba kikubwa, wale wasio na jina mlangoni, wanaovaa na kuvua pamoja kama askari. Kurihashi aliupenda mgongo wake. Miaka kumi na moja alimketisha kwenye baa, kwenye benchi za stesheni, kwenye matanga, kisogo kwetu. Nchi nzima inaujua mgongo wa Eizaburo na hakuna anayeujua uso wake. Ila siku moja ya Aprili 1957 alirudi mapema, akavua viatu mlangoni, akasema, "Fusae, leo nimegeuka." Nilipika wali mwekundu wa maharagwe nikagawia majirani, kama vile tumepata mtoto. Filamu ilipotoka, Takenori wetu alikuwa na surua. Eizaburo akaniambia niache, haifai hata kidogo, nisijisumbue. Sikujisumbua.

Alipokufa hatukuwa na picha yake ya maana. Mpiga picha akakikata kichwa kutoka kwenye picha ya safari ya studio, mstari wa nyuma kabisa, nusu ya paji imezibwa na kofia ya mtu. Akakikuza, akakivika kimono cheusi cha kuchora, na kwa kuwa nyusi hazikuonekana akachora na nyusi. Nene, kama za mbunge. Miaka sita sasa, kila asubuhi nampa wali na chai bwana mwenye nyusi hizo, pale kwenye kabati la marehemu, tunapowawekea sadaka waliotutoka. Na linaloniuma ni hili: siku hizi nikifumba macho nimtafute Eizaburo, anakuja na nyusi zilezile.

Tarehe 15 Julai mtawa atakuja kusoma kumbukumbu ya mwaka wa saba, maana kwetu mwaka wa kifo nao huhesabiwa. Genda amesema, "Nipe uso uliotulia nusu sekunde tu, Bi Fusae. Jumamosi naukopi kutoka kwenye utepe, Jumapili asubuhi unayo picha." Basi nangoja. Nina miaka sitini na tisa, najua kungoja.

Ijumaa, 8 Juni
Kilo kumi za plamu. Nimeziosha, nimezitia chumvi, nimeweka jiwe juu.

Jumamosi, 9 Juni
Redio imetangaza kwamba mvua za plamu, hizi za msimu wa plamu kuiva, zimeanza rasmi, kana kwamba hatuna macho.

Kiraku kunanuka koti la mvua. Tulikuwa watu kama arobaini. Kabla ya filamu alipanda jukwaani mwenyekiti, Mwalimu Inokuma, mstaafu wa fasihi, nywele amezilaza kwa maji upande mmoja. Alisema dakika ishirini kuhusu utupu. Utupu wa ukumbi, utupu wa birika, utupu wa katikati ya neno na neno. Bibi mmoja mbele yangu alikuwa anaandika yote. Nikajisemea, haya, mwalimu amepata darasa lisiloweza kutoroka.

Eizaburo alionekana sekunde nne, anakunywa pombe ya sake peke yake. Ukumbi mzima ukashusha pumzi: "Aaa, mgongo ule." Chama hakijui mimi ni nani, na nimependa hivyo.

Jumapili, 10 Juni
Takenori amekuja kutoka Yokohama kuzungumzia kumbukumbu. Hajamaliza hata kikombe cha kwanza cha chai, bosi wake akapiga simu hapa kwangu, Jumapili, kwa sababu mwanangu huacha namba kila aendako. Akasimama. Akaanza: "Ndiyo mkuu, ndiyo, samahani sana mkuu," na kila samahani anauinamia mkono wa simu, kiuno chote, paji linakaribia kugonga meza.

"Hakuoni," nikamwambia alipokata.

"Nani?"

"Bosi wako. Yuko Yokohama. Unaliinamia kabati langu la vyombo."

"Sauti inabadilika usipoinama, mama. Watu wanasikia." Ana miaka thelathini na tatu na anaamini hivyo kabisa.

Jumanne, 12 Juni
Mvua.

Jumamosi, 16 Juni
Nimejitia aibu, na sijutii sana.

Filamu ya leo ina stesheni ya treni. Eizaburo amekaa kwenye benchi, na mwongozaji amemwacha hapo muda mrefu kuliko kawaida, treni inakuja, inaondoka, yeye hasogei. Shati ni lake mwenyewe, maana waigizaji wa chumba kikubwa walivaa nguo zao. Nikaiona kola. Niliishona mimi ile kola! Nilisahau kabisa kama imewahi kuwepo duniani, na sasa iko pale, kubwa kama paa la nyumba.

Taa zilipowaka Mwalimu Inokuma akapanda. "Mmeuona mshono mweupe kwenye kola nyeusi? Hakuna kitu kinachotokea kwa bahati mbaya kwa Kurihashi. Mshono ule ni jeraha la taifa baada ya vita. Ni kovu lililoachwa wazi makusudi."

"Ni kwa sababu uzi mweusi ulikwisha," nikasema.

Nilidhani nimesema moyoni. Vichwa arobaini viligeuka.

"Samahani, mama?" Mwalimu akainama kidogo ili anisikie vizuri.

"Uzi mweusi ulikwisha, na duka lilikuwa limefungwa kwa sababu mwenye duka alikuwa amefiwa. Kola niliishona mimi. Huyo pale kwenye benchi ni mume wangu."

Kisha bibi yule wa kuandika akaandika. Mwalimu Inokuma alishuka jukwaani taratibu kama mtu anayeteremka ndani ya mashua, akaja hadi kwenye kiti changu, akainama mara tatu. Machozi yanamlengalenga. Nilitamani kukimbia.

Genda alipokuwa anafunga milango alikuwa anacheka peke yake. "Jeraha la taifa! Bi Fusae, umemuua mzee wa watu."

"Hajafa. Angalia anavyonisubiri na mwavuli."

Jumatano, 20 Juni
Mwalimu Inokuma amekuja nyumbani na keki za maharagwe, ndani ya mvua ya kukata na shoka, soksi zimelowa chapachapa. Nilijiandaa kumdharau. Lakini kwanza alienda kwenye kabati la marehemu, akawasha ubani, akakaa mbele ya picha. Akaitazama. Akaniangalia mimi. Akaitazama tena.

"Nyusi hizi…" akasema.

"Za kuchora."

"Nilijua." Akashusha pumzi. "Mtu mwenye shingo ile hawezi kuwa na nyusi hizi."

Miaka sita ndugu, majirani, mtawa, wote wamekaa pale na hakuna aliyesema. Nikamwongezea chai. Nikamweleza habari ya filamu ya sita, na ahadi ya Genda. Akazungusha kikombe chake, akasema kuhusu *Ngazi ya Nyuma* amesoma tu, hajawahi kuiona, na walioandika juu yake hawakubaliani. Akabadilisha mazungumzo. Mtu mwema, nadhani. Bahati mbaya anapenda kuongea.

Jumamosi, 23 Juni
Sasa nina kiti cha mbele chenye mto. Wananiita Mama Mgongo. Wananiuliza alikuwa anajiandaaje. Niwaambie nini? Alikuwa anasimama katikati ya chumba jioni, kisogo kwangu, mimi nashona, ananiuliza, "Fusae, mgongo huu una huzuni?" Namwambia, "Una njaa." Anashusha bega moja. "Na sasa?" "Sasa una njaa na baridi." Tulicheka. Nikawasimulia hivyo na wao wakacheka, na nikarudi nyumbani nimechukia, maana nilipokisimulia kile kicheko chake niliona mgongo unatikisika tu. Mbele hakukuwa na kitu.

Jumatatu, 25 Juni
Ukungu mweupe juu ya maji ya plamu. Nimeutoa, nimepangusa mdomo wa chungu kwa pombe kali.

Jumamosi, 30 Juni
Filamu ya nne. Sekunde mbili, nyuma ya pazia la duka. Mvua ilipiga paa la Kiraku mpaka hatukusikia maneno, na mwalimu akasema hata hiyo ilifaa.

Jumanne, 3 Julai
Tumegombana na Takenori kwenye simu. Nilimwambia picha mpya itakuwa tayari asubuhi ileile ya kumbukumbu.

"Mama, hiyo iliyopo inatosha. Watu wameizoea."

"Wameizoea sura isiyo ya baba yako."

"Mtawa atashangaa. Shangazi watauliza maswali."

"Wewe unaukumbuka uso wake? Niambie ukweli."

Nikasikia magari barabarani kwao. "Nakumbuka tukienda shule," akasema. "Alikuwa anatangulia na mwavuli. Alikuwa anakwenda haraka. Nakumbuka… kisogo chake, mama. Samahani."

Nikajua ameinama. Nikakata simu.

Nikachukua kitambaa chenye maji nikajaribu kuzifuta zile nyusi. Hazifutiki. Mpiga picha alizichora kisha akaipiga picha upya, uso na nyusi pamoja, na sasa ni kitu kimoja. Nilisugua mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya kwenye paji, nikaacha. Nimeirudisha mahali pake. Asubuhi nitampa wali huyohuyo.

Jumamosi, 7 Julai
Mafuriko karibu na kituo cha treni, tulikuwa tisa tu. Filamu ya tano. Baba anamwoza binti yake na usiku anamenya peasi peke yake. Hadithi ndiyo hiyo. Eizaburo ni mgeni wa harusini, mstari wa pili, kisogo, wenzake wote wameinua vikombe na yeye amechelewa kuinua chake. Amechelewa kidogo sana, pumzi moja tu. Kwa pumzi ile nikaelewa kwamba mgeni yule naye ana binti nyumbani. Hakuna aliyesema hivyo. Halimo kwenye hadithi. Nililia mbele za watu nikiwa na mto wangu wa kifalme chini ya makalio.

Kwa miaka yote nimemwona Kurihashi kama mtu aliyenichukulia mume akamtumia kama kiti. Nilitaka aendelee kuwa hivyo. Sasa najua kwamba alikuwa anaona. Alimwona Eizaburo vizuri kuliko mimi niliyekuwa na sindano mkononi na macho chini. Nimekasirika zaidi.

Nilimwambia Mwalimu Inokuma tukiwa mlangoni tunangoja mvua ipungue. Nilitegemea hotuba. Akasema tu, "Marehemu mke wangu alikuwa anazichukia filamu hizi. Alisema mimi nalilia watu wa kwenye ukuta na yeye yuko jikoni." Akafungua mwavuli wake.

Jumatano, 11 Julai
Mwalimu ana habari kubwa: amempata Bwana Hisatomi, aliyekuwa msaidizi wa Kurihashi, naye atakuja Jumamosi. Na mimi nipande jukwaani niseme machache. Nikakataa. Akainama. Nikakataa tena. Akainama zaidi. Amenizidi kwa kiuno. Nimekubali kukaa mstari wa mbele na kusimama nikitajwa.

Genda ameosha sinia zake za dawa. Amenunua karatasi nzuri ya picha, isiyong'aa.

Ijumaa, 13 Julai
Nimetengeneza nywele.

Jumamosi, 14 Julai
Nitaandika yote kwa mpangilio, kisha nisirudie tena.

Kiraku kulijaa mpaka ngazini. Watu walikuja kutoka Tokyo na kamera. Bwana Hisatomi ni mzee wa miaka sabini hivi, ana fimbo na koti la mvua. Alikaa upande wa pili wa Mwalimu Inokuma. Hatukuwa tumetambulishana bado.

*Ngazi ya Nyuma* ni habari ya mjane aliyetumikia nyumba moja kubwa miaka ishirini, na siku moja anaambiwa aondoke. Basi. Anafunga kifurushi, anaaga sufuria, hakuna anayetoka kumsindikiza. Anashuka kwa ngazi ya nyuma, ya watumishi. Chini kwenye dirisha amesimama karani wa nyumba hiyo, anatazama mvua. Kisogo kwetu.

Niliijua shingo ile kabla kamera haijatulia. Nikakamata mkono wa kiti.

Mjane anashuka. Karani anasikia hatua. Bega la kushoto linainuka kidogo, kama lilivyokuwa linainuka nikimwita akiwa anasoma gazeti. Akageuka.

Akainama.

Sijui nieleze vipi. Aligeuka na kuinama kwa tendo moja, mikono magotini, chini kabisa, tukaona utosi tu, nywele zimeanza kupungua katikati. Akabaki hivyo. Mjane akasimama. Akapita. Tukaona upindo wa kimono chake, soksi zake nyeupe, ngazi ya mwisho. Na Eizaburo bado yuko chini. Kisha uwanja mtupu, mvua inapiga madimbwi. Mwisho.

Mimi nilikuwa nimesimama. Sikumbuki kuinuka. Bibi aliyekaa nyuma yangu hakunilalamikia, maana alikuwa analia, na wote walikuwa wanalia, wanaume wa Tokyo na kamera zao wanalia. Mwalimu Inokuma alilia bila kujifuta, makamasi mpaka mdomoni. Na walikuwa na haki! Hilo ndilo linalonichoma. Miaka ishirini hakuna aliyemwinamia mwanamke yule, na anayemwinamia ni karani asiye na jina. Hata mimi, kama ningekuwa si mimi, ningelia.

Bwana Hisatomi akapanda. Alisimulia vizuri, kama mtu aliyesimulia mara nyingi.

"Haikuwa kwenye maandishi," alisema. "Kwenye maandishi karani anageuka, anamtazama, anasema neno moja: 'Mvua.' Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwigizaji huyu kuonyesha uso. Alikuwa hajalala siku mbili. Sasa, aliyeigiza mjane alikuwa nyota mkubwa wa studio. Na huyu bwana, miaka kumi na moja, kila asubuhi akikutana naye kwenye ukumbi wa studio, lazima ainame. Ndiyo ilikuwa heshima, sote tuliinama. Basi kamera inazunguka, anageuka, macho yao yanakutana, na mwili wenyewe, mabibi na mabwana… mwili wenyewe ukainama!"

Ukumbi ukacheka, kicheko kile cha upendo.

"Sisi nasi tulicheka. Alitaka kufa kwa aibu. Kurihashi peke yake hakucheka. Alisema, 'Tena.' Tukarudia mara ishirini na tano. Mara ishirini na tano aligeuka sawasawa, akatazama, akasema 'Mvua.' Na Kurihashi akachukua ile ya kwanza, ya makosa."

Makofi. Mwalimu Inokuma akanitaja. Nikasimama, kwa kweli nilikuwa sijakaa bado. Bwana Hisatomi alinikodolea macho, akashika fimbo vizuri.

"Bwana Hisatomi," nikasema, "zile ishirini na tano ziko wapi?"

"Zilitupwa, mama. Ndivyo tulivyofanya na zote. Kurihashi alisema uso ni wa mtu mmoja, mgongo ni wa watu wote."

"Mimi nilikuwa namtaka huyo mmoja."

Hakuna aliyecheka.

"Wewe ulikuwepo," nikamwambia. "Alikugeukia mara ishirini na tano. Uso wake ulikuwaje?"

Mzee yule alifikiri. Namshukuru kwamba hakudanganya. Akatazama dari la Kiraku lenye madoa ya mvua. "Mama," akasema, "mimi nilikuwa naangalia saa. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu sekunde. Zilikuwa saba." Kisha akainama. Alishikilia fimbo na kuinama chini kabisa, na watu wakapiga makofi.

Genda alinivuta mkono akanipandisha kwenye chumba cha mashine. Aliutoa utepe, akauvuta juu ya meza yenye taa, akanipa kioo cha kukuzia. Picha moja moja, ndogo kama stempu. Kisogo. Kisogo. Bega linainuka. Na hapo, katikati ya kugeuka na kuinama, ziko picha tatu ambazo uso unapita. Picha tatu. Nilikodoa mpaka jicho likatoa machozi. Ni alama nyeupe iliyoburutwa, kama unga umefagiliwa mezani, na ndani yake vivuli viwili, labda macho. Nyusi hazikuwepo.

"Nikizikata hizi tatu hakuna atakayejua," Genda akasema. "Ni moja ya nane ya sekunde, Bi Fusae. Naunganisha, basi."

"Kuna nini cha kukata? Hayupo."

"Ni yeye. Pale ni yeye."

"Genda, tafadhali. Acha."

Akaacha. Ile karatasi nzuri ya picha ilikuwa mezani, bado imefungwa. Alinipa kiti nikae mpaka mvua ipungue, na haikupungua.

Nilipofika nyumbani ndipo hasira ilipokuja. Nilisimama mbele ya kabati na koti langu linachuruzika. Eizaburo, ulijua. Uliiona filamu siku ya kwanza, ulikuwa ndani ya ukumbi pamoja nao, ukauona utosi wako. Ukaja ukaniambia haifai, mtoto ana surua, usijisumbue. Miaka ishirini na moja tuliishi baada ya hapo, tunakula meza moja, na ukaniacha niamini kuna mahali duniani umetazama mbele. Nilipika wali mwekundu! Niligawia mtaa mzima! Uliona aibu kuniambia kwamba umeinama. Ni mimi, Fusae, ningecheka tu. Ningekuambia mgongo una njaa na baridi. Sasa wewe umekwenda na uso wako na mimi nimebaki na huyu mbunge.

Sikumpa chai.

Jumapili, 15 Julai
Walikuja shangazi wawili, Takenori na mkewe Ritsuko, na mtawa kutoka hekaluni, ambaye magoti yanalia akikaa. Aliposoma na kumaliza alinywa chai, akaitazama picha akasema, kama asemavyo kila mwaka, "Ana sura ya utulivu. Nyusi za mtu mkarimu."

"Huyo si yeye," nikasema.

"Mama," Takenori akanong'ona.

"Si yeye. Nyusi zimechorwa na mtu wa duka la picha. Mtawa, umemsomea mtu wa duka la picha miaka sita."

Shangazi mmoja akashika mdomo. Ritsuko akaanza kukusanya vikombe ambavyo havijaisha. Na mwanangu akasogea mbele kwa magoti, akaweka mikono juu ya mkeka, akainama kwa mtawa mpaka paji likagusa. "Samahani sana. Mama amechoka. Tafadhali mtusamehe."

Niliona utosi wake. Nywele zimeanza kupungua katikati.

"Takenori," nikamwambia, "inua uso."

Hakuinua.

"Inua uso nikuone!" Nilipiga kelele, ndiyo, mbele ya mtawa. Sauti ilinitoka kama ya mwanamke wa sokoni.

Akageuka kunielekea, nami nikajongea mbele, nikanyoosha shingo, nilikuwa karibu kuona. "Samahani, mama," akasema, na akainama tena, kwangu.

Jumatatu, 16 Julai
Sina la kuandika.

Jumatano, 18 Julai
Mwalimu Inokuma aliacha barua mlangoni. Ameandika kwamba alisoma kwenye kitabu kimoja juu ya kuinama kule, akajua tangu siku ya keki, akakosa ujasiri wa kuniambia, akaomba moyoni mwandishi awe amekosea. Anaomba radhi. Karatasi ina doa la maji. Nitamjibu. Si wiki hii.

Ijumaa, 20 Julai
Redio imetangaza kwamba mvua zimekwisha. Jua limetoka kali kama limetukanwa. Nimezianika plamu juu ya ungo, zitakaa siku tatu mchana na usiku, nami nazigeuza moja moja kwa vijiti ili kila upande upate jua. Sita zimeoza. Zilizobaki zina rangi nzuri.

Nilipomaliza nikampigia simu Takenori kazini. Sijawahi kumpigia kazini. Aliposikia ni mimi akashtuka, akauliza kama kuna mtu amekufa.

"Hakuna. Nilitaka kukuambia picha ya baba yako nimeiacha palepale. Shangazi wasihangaike."

"Asante, mama. Samahani kwa siku ile."

"Njoo Jumapili ule plamu mpya. Njoo peke yako. Ukae mbele yangu, mchana, kwenye mwanga. Sitasema kitu. Nataka kukutazama tu."

"Ndiyo, mama. Nitakuja. Samahani sana."

Sauti yake ilikuwa inatoka chini chini, kama ya mtu aliyebana kidevu kifuani.

"Takenori," nikasema, "umeinama?"

Nyuma yake nilisikia simu nyingine zinalia na wanaume wengine wanaomba radhi.

"Hapana, mama," akasema, kwa sauti ileile.